Ugonjwa Wangu na Kura ya Léocadie

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Leo nimekubali kuugua.

Isidore, mkubwa wa chama chetu hapa Kabambare, alifika kijijini kwangu Wamaza asubuhi juu ya pikipiki ya chama. Akakalia kiti changu kizuri. Akaeleza. Kule Kindu, kwenye bunge la jimbo, wanataka kupitisha sheria ya klimati, ya kulinda mvua na misitu. Kukata miti kwenye vyanzo vya mito, marufuku. Kuchoma makala, makaa ya miti, bila ruhusa, marufuku. Chama chetu kinapinga. Chama chetu hupinga kila kitu ambacho babu zetu hawakukijua, isipokuwa pikipiki.

Kura ni Jumatano ya wiki ijayo. Pande mbili zinalingana, na depite mmoja, mbunge wa chama chetu, ametangaza kwamba atakubali sheria. Depite huyo ni Léocadie, mtoto wa marehemu dada yangu.

Wamemfokea, wamemtisha, wamemwahidi cheo. Isidore anasema alisikiliza yote, kisha akawauliza kama wamemaliza, maana ana nguo za kuanua. Nilikohoa ili nisicheke. Damu ya ukoo wetu hiyo.

Nikamwambia Isidore: musimuzuie Kindu, mumuite huku. Mjomba akiwa kitandani, mpwa haondoki mpaka mzee apone au azikwe. Isidore alinitazama kama mtu aliyeokota dhahabu kwenye machimbo ya Lusangi. Akaahidi: tukimshika hapa hadi kura ipite, pikipiki ni yangu.

Nimetuma ujumbe: Mujomba yako anakwisha. Njoo.

Jumanne, tarehe 7

Nimewasha tanuru langu la makala nyuma ya kilima. Kubwa, halijawahi kutokea. Kama sheria inakuja, mtu mwenye akili anachoma kwanza.

Tanuru ni kama mtoto mchanga, haliachwi peke yake. Udongo ukipasuka, hewa inaingia, na makala yote yanakuwa majivu. Lakini barabara ya kutoka Kindu kupitia Kasongo, kule mvua inakonyesha, ni matope matupu. Mpaka Léocadie afike nitakuwa nimeshatoa makala. Ndipo nitaugua kwa utulivu.

Alhamisi, tarehe 9

Amefika. Juu ya pikipiki ya Djamali, dereva wa kukodi, matope mpaka masikioni. Nilipata nafasi ya kurukia kitanda tu, miguu ikiwa bado na masizi.

Akanishika kipaji cha uso. Akauliza inauma wapi. Nikasema kila mahali. Akasema hiyo ni mahali pengi kwa mzee mwembamba hivi.

Amenichemshia majani machungu. Uji bila chumvi, bila sukari. Cadette, mke wangu, anajua kila kitu. Anachekea ndani ya kitenge chake, eti analia.

Ijumaa, tarehe 10

Dirishani naona moshi wangu. Mweupe, mzito. Vizuri.

Nikamnong'oneza Cadette aende akaangalie udongo wa tanuru. Akajibu kwamba mtu anayekufa afikirie mbingu, aachane na makala.

Léocadie anakaa pembeni ya kitanda, ananipepea, anasimulia. Kile kijito ambamo mama yake alikuwa analoweka mihogo, leo kuku anakivuka bila kulowa. Watu wa Wamaza wamepanda mahindi, jua likala. Wakapanda tena, jua likala tena. Nikasema kwa sauti ya kaburini kwamba chama ndicho kilimlea, na mutoto hamugeukii mzazi.

Akanijibu taratibu: "Mujomba, chama kilinipa kiti. Kijito kilinipa maji. Mimi nilikunywa kwanza, kukaa kulikuja baadaye."

Niliguna kama mgonjwa. Guno zuri sana, ila aliyeshinda bado ni yeye.

Jumamosi, tarehe 11

Moshi umegeuka buluu. Mwepesi! Hewa imeingia.

Nikiamka kuziba, nimepona. Nikipona, Léocadie anarudi Kindu kupiga kura, pikipiki kwaheri. Nikibaki, makala yangu yanakuwa vumbi la kusugulia sufuria. Siku nzima nimekuwa najigeuza. Léocadie akamwambia Cadette kwamba homa imepanda. Akaongeza majani machungu.

Jumapili, tarehe 12

Mwanga ulipotoka tu, nikapitia dirishani. Kifua wazi, jembe mkononi. Nilikuwa na mpango: kuziba haraka, kurudi, kuendelea kufa.

Tanurini nikamkuta mtu. Depite mheshimiwa, miguu peku, kitenge cha Cadette kiunoni, anapiga udongo mbichi na majani juu ya nyufa kama alivyofundishwa akiwa mdogo. Nilimfundisha mimi. Hakuna ufa uliobaki. Moshi mweupe tena, unapanda kama wa Jumanne.

Akaniangalia. "Mujomba umepona. Mungu ni mkubwa."

Nikauliza alijua lini. Tangu Alhamisi, akasema: mtu anayekwisha hawashi tanuru, na hanuki moshi chini ya shuka. Basi kwa nini alikaa? Akapangusa mikono. "Siku moja utasema kweli, mimi nitafikiri ni uongo, na nitakuja kukuta kaburi. Bora nije kila mara."

Na makala, nikauliza, kwa nini ayaokoe, yeye wa sheria? Kwa sababu miti hii imeshakufa, akasema, isife bure. Lakini Jumatano ni ndiyo.

Kisha akapiga magoti kwenye majivu aombe baraka ya safari, maana mutoto wa dada haondoki bila mjomba kumnyunyizia maji ya kinywani. Nilitaka kumbariki nusu tu, afike Kasongo pikipiki iharibike. Nikachukua maji kinywani. Kinywa kikanisaliti, kikanyunyiza yote. Djamali, aliyekuja kumchukua, akawasha pikipiki.

Alhamisi, tarehe 16

Redio imesema. Sheria imepita kwa kura moja. Chama kimemfukuza. Walipomuuliza redioni sasa atakaa wapi, amesema atasimama popote, hata bila kiti.

Isidore amekuja kupiga kelele kwamba ugonjwa wangu ulikuwa mfupi mno. Nikamwambia alaumu majani machungu. Ameondoka na pikipiki yake. Mlio wake mzuri sana.

Sokoni nimewaeleza wote kwamba kichwa kile kigumu amekitoa kwangu. Hakuna aliyebisha.

Jumatatu, tarehe 20

Nimeuza makala yote. Mazima, yanalia kama chuma. Watu wanauliza nani aliziba.

Nasikia sheria bado inasubiri sahihi ya gavana. Kwa hiyo nimewasha tanuru lingine, kubwa kuliko lile. Jioni hii nimeona ufa upande wa mto, na mgongo wangu hauinami tena.

Nimetuma ujumbe Kindu: Mujomba yako anakwisha. Safari hii kweli. Njoo na jembe.