Jinsi Onyesha-Tiketi Alivyoukomboa Mwezi Kabla Gari Halijaondoka

Tik. Tik-tik. Tik.

Kabla ya alfajiri, birika likiwa bado baridi jikoni, sauti hiyo ndogo ilitoka sebuleni, ikapenya chini ya mlango wangu, ikaniamsha. Njooni basi, enyi wenye masikio, mliolala inukeni na mliosimama tafuteni pa kukaa, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa juu ya zulia langu, baina ya shemeji yangu na mfalme wa vyura, mwezi ukiwa mateka na gari la kumchukua shemeji likiwa njiani.

Mjueni kwanza shujaa. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, mkagua tiketi wa treni mstaafu, aitwaye mtaani Onyesha-Tiketi, Simba wa Behewa la Tatu, Mwenye Kofia Isiyopinda, ambaye mbele yake wajanja walijifungia chooni na bado wakapatikana. Alifiwa na mkewe, na baada ya msiba akaja kwangu apumzike. Alikula, akashukuru, akanyamaza. Nilimwashia redio, akaizima taratibu. Nilimpa gazeti, akalikunja vizuri akanirudishia.

Hapo ndipo mjukuu wangu, fundi cherehani, binti mwenye pini mdomoni na huruma kifuani, alipokwenda kwa fundi redio jirani akaazima gemu la zamani, lile la kaseti, lenye kidude cha vitufe na waya mfupi kama mkia wa mbuzi. Akamketisha babu yake mbele ya televisheni.

"Babu, huyu bata ni wewe."

"Mimi bata?"

"Bata mwenye upanga. Mfalme wa vyura ameiba mwezi. Nenda kaurudishe."

Onyesha-Tiketi alimkagua bata kuanzia mdomo hadi miguu. "Anasafiri bila tiketi?" akauliza. Nikaweka sufuria chini. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akiuliza jambo lolote.

Sasa nitaje utukufu wa gemu hilo na aibu zake pia, maana msimulizi wa vita asiyetaja kutu ya upanga ni mpiga debe tu. Utukufu wake ni kwamba lilikataa kuwa kitu kimoja. Unaanza nalo likiwa safari ya mapigano. Ukivuka kilima limegeuka uvuvi. Samaki wakigoma limekuwa kilimo cha maboga. Na ukishavuna, bila hata kuagana na maboga yako, bata anapanda gari na mashindano ya mbio yanaanza. Rangi zake zilikuwa tamu kama vitambaa vipya. Muziki wake uliniingia mwilini hadi nikawa napepeta mchele kwa mdundo wake. Na watu wa humo wana utu: kila mlango ukiubisha, mtu anakupa mkate, au ndoano, au neno la kutia moyo.

Lakini aibu zake, ole! Bata akiruka, anaruka kama mtu aliyekumbuka katikati ya hewa kwamba ameacha maharage jikoni. Uvuvi ni mrefu mpaka mchezaji anaota magamba. Ramani inaonyesha kila mahali isipokuwa pale ulipo. Na aibu kuu kuliko zote, gemu halina kumbukumbu. Ukilizima limekusahau, na bata anarudi kijijini kwao mikono mitupu. Kwa hiyo ikapitishwa sheria katika nyumba yangu: asiguse mtu soketi. Pasi ikapoa, tukatembea na mikunjo, na televisheni ikafunikwa shuka kila usiku ilale macho wazi.

Angemaliza mapema, jamani, kama si kivuko. Kwenye kivuko cha gemu wanakijiji wamesimama mstari. Ni picha tu, hawasogei kamwe, na bata anaweza kuwapita bila shida. Onyesha-Tiketi akamsimamisha bata wake nyuma ya mtu wa mwisho.

"Babu, pita!"

"Nipite foleni?"

"Hao wamechorwa tu!"

"Kuchorwa si kosa lao. Wamefika kwanza."

Akangoja mchana kutwa, mgongo umenyooka, bila kulalamika. Jioni alipokwenda kuoga, mjukuu wangu alikishika kile kidude haraka, akampitisha bata mbele ya wote na kumweka ng'ambo.

"Foleni imesogea!" akashangilia mzee aliporudi, taulo begani.

"Imesogea, babu," akajibu mtoto yule bila kucheka, akaendelea kukunja pindo. Mimi niliona, na mpaka leo sijamwambia mzee.

Lakini siku ilikuwa imepotea, na kesho yake jua likichomoza binti yake angekuja kumchukua. Ama amalize kabla ya honi kulia, ama bata, maboga na safari yote vifutike, naye arudi kwenye nyumba yake kimya kama alivyokuja. Ndiyo maana mliposikia ile tik-tik ya vitufe, vita vilikuwa vimeshaanza.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kochi, kofia kichwani, mjukuu wangu pembeni yake.

"Shemeji, hukulala?"

"Mwezi hauko mahali pake, shemeji. Nitalalaje?"

Ee umeme, mwenye hasira za ghafla, usikatike! Ee waya mfupi, usimvute shujaa! Mfalme wa vyura akatoka kisimani, mnene kama tangi la maji, akitema mapovu ya moto. Bata akaruka, akasitasita angani, akaungua mkia. Moyo mmoja wa uhai wake ukazimika pale juu ya kioo, kisha wa pili.

Honi ikalia nje.

Akaingia binti yake, mwalimu mkuu, mwanamke ambaye shule nzima hunyamaza akikohoa. "Hodi, mama mkubwa! Baba, uko tayari? Simu yangu imezima, soketi iko wapi?" Na mkono wake ukanyooka kwenye waya uliobeba uhai wa bata.

"Simama hapo, shangazi!" Mjukuu wangu alijitupa mbele ya soketi, mikono imetanda, futi ya kupimia ikipepea shingoni kama bendera ya jeshi. "Utachomoa waya huu ukishanichomoa mimi! Humo mna mwezi!"

"Mna nini?"

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Chai inakuja."

Wakati huohuo likatokea jambo la ajabu. Mfalme wa vyura aliruka vibaya, akanasa kwenye nguzo, akabaki anarukaruka palepale, mgongo umetugeukia.

"Amekwama!" akapiga kelele mjukuu wangu. "Ni ubovu wa gemu hilo, babu! Bahati yako! Mpige!"

Vidole vya Onyesha-Tiketi vikatulia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akatamka: "Abiria aliyebanwa na mlango haulizwi tiketi. Kwanza anatolewa."

"Baba, mpige twende!"

"Anatolewa kwanza!"

Na kweli, akamsukuma adui yake kwa kichwa cha bata, pole pole, mpaka akamchomoa. Yule chura hakushukuru. Alimtemea povu papo hapo. Ukabaki moyo mmoja. Sijui lini mwalimu mkuu alikalia mkono wa kochi, ila nilimsikia akinguruma, "Kushoto, baba! Kushoto! Ruka!" Baba akaruka. Bata akasitasita angani kama kawaida yake, povu likapita chini yake, naye akaangukia kichwani kwa mfalme, upanga mbele. Mfalme akapasuka kama puto. Mwezi ukapanda, mkubwa kama kisosi.

Kisha yakatokea maneno. Mjukuu wangu akayasoma: "Asante kwa kucheza."

"Ndiyo basi?" akauliza mwalimu mkuu. "Shida yote hiyo?"

Ndiyo basi. Gemu lenye safari tamu hivyo, mwisho wake mfupi kuliko risiti. Lakini iandikwe na isomwe na vizazi kwamba asubuhi hiyo, juu ya zulia langu, Onyesha-Tiketi, Mtoa Waliobanwa, aliurudisha mwezi bila kumwonea mtu. Akasimama akavua kofia, akamgeukia binti yake, akaanza kusema. Akamweleza maboga, akamweleza ndoano, akamweleza foleni na jinsi ilivyosogea. Mwalimu mkuu alisikiliza kikombe kikiwa mkononi mpaka chai ikapoa, na simu yake hakuikumbuka.

Tuliwasindikiza hadi garini. Injini ikawaka, kisha kioo kikashushwa, na Simba wa Behewa la Tatu akatoa kichwa.

"Shemeji," akasema, "mara ya mwisho ulikuja kwangu kwa msiba. Njoo tena. Njoo bila msiba."