Simu ya Baba Mkwe na Basi la Wanakwaya

Jumatatu, 25 Machi 1974. Igawa.
Nimepata wazo! Nimeruka kitandani mpaka Benedicta, mke wangu, akadhani kuna nyoka. Ubaya wa hoteli yangu si mapishi. Ni kuchelewa kujua. Basi la Iringa likisimama, wali wangu ndio kwanza unatokota, na mama Apolonia wa ng'ambo ya barabara keshapakua. Lakini ghala la ushirika lina simu! Baba mkwe, mzee Kalinga, anauza chai stendi ya Iringa, na duka la jirani yake lina simu. Basi likiondoka kule, ananieleza limebeba watu wangapi, nami napika sawasawa. Hoteli inayopika kwa simu! Haijapata kutokea kati ya Mbeya na Iringa. Baba amekwisha kusema: mwezi ukiisha hoteli haijasimama, narudi Ubaruku kuchunga ng'ombe wake. Atashangaa huyo mzee.

Jumanne, 26 Machi.
Silvester, karani wa ghala, akaniungia Iringa. Raha iliyoje! Sauti ya mkwe ikaja kama yumo ndani ya debe. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza habari za nyumbani. Nzuri. Za Benedicta? Nzuri. Za baba yangu? Za ng'ombe? Za mvua? Za mguu wa mama, umepona? Mkwe hakatizwi maneno, hata mlevi anajua. Tulipofika kwenye mahindi, opereta akasema muda umekwisha. Akakata! Basi likaja limejaa pomoni. Mimi nina chapati za jana. Wote wakavuka kwa mama Apolonia.

Jumatano, 27 Machi.
Dawa imepatikana! Salamu zisafiri kwa basi, simu ibebe biashara tu. Nimemkalisha chini Joachim, kondakta wa basi liendalo Iringa, nikamkaririsha salamu zote, pamoja na za mguu wa mama, na jogoo juu yake kwa heshima. Kisha ombi: kwenye simu, baba mkwe aniambie tu ni watu wangapi na wanakwenda kufanya nini. Joachim akasema salamu atazibeba bure, ila jogoo alipe nauli.

Alhamisi, 28 Machi.
Imekubali! Mkwe amepiga mwenyewe. Hakuuliza hata mvua. Kesho inakuja basi la kukodi, wanakwaya hamsini, wanakwenda kuimba Mbeya. Akasema yapo na mengine ya kunieleza, ila yeye ameagizwa hayo mawili, basi. Akakata. Mkwe mtiifu kupita wote! Nilikuwa nimerudia kila neno kwa kupaza sauti, maana Iringa ni mbali. Silvester aliziba masikio. Wateja wa ghala nao walitulia kunisikiliza, akiwemo mama Apolonia.
Nyuma ya hoteli walikuwepo mbuzi wa baba wakingoja mnada. Hawangoji tena. Benedicta aliuliza wanakwaya hao ni wa kanisa gani. Nikamwambia mwimbaji ni mwimbaji, na njaa ni njaa. Akasema lakini kesho ni Ijumaa. Nikamwonyesha kalenda ukutani. Kusoma najua!

Ijumaa, 29 Machi.
Wali umeiva. Mchuzi wa mbuzi unanukia mpaka darajani. Basi hilo! Wakashuka na sare zao, nikawapokea kwa kuwaambia nilijua wanakuja. Wakapiga vigelegele. Mwalimu wao akafunua sufuria, akavuta ile harufu, akafumba macho kwa uchungu. Akasema ni Ijumaa ya Kwaresima. Mkatoliki hali nyama.
Walivuka barabara wakiimba, kwa sauti nne. Mama Apolonia alikuwa na maharage ya kuwatosha wote. Baadaye alikuja kunipa pole, akasema alinisikia nikiongea na Iringa, akaona aandae kidogo asije mtu akalala njaa.
Kumbe ndiyo maana Benedicta hunipa maharage kila Ijumaa! Tumeoana juzi tu. Mimi nilidhani ni hali ya biashara. Nimekaa nyuma ya jiko, nimelia, sifichi. Kisha nikala mchuzi. Mtamu mno.

Jumanne, 2 Aprili. Mbugani, Ubaruku.
Baba alikuja Jumapili. Akatazama kamba za mbuzi, akanipa fimbo. Hoteli imefungwa. Benedicta amebaki Igawa, anapika kwa mama Apolonia, na ametuma ujumbe kuwa anafurahi sana. Sikupenda hilo neno "sana".
Lakini leo! Fahali wa baba alipotelea kwenye matete. Mdogo wangu Nyanda alikuwa ng'ambo ya pili ya mto, anamwona kabisa, ila sauti yake hainifikii. Nikasimama pale pale, fimbo ikaanguka. Kila mchungaji awe na simu yake, aibebe begani! Nyanda alipovuka nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza, na waya je?
Swali la kitoto. Waya utafungwa kwenye pembe, ng'ombe kwa ng'ombe, mpaka Igawa. Kesho naanza na wale wapole.