Msongo Wangu na Vyombo vya Sisimizi

Jumatatu, 6 Mei

Mtihani wa kuingia chuo cha afya ni Jumamosi ya wiki ijayo. Asubuhi nimefungua kitabu cha baiolojia. Nimekifunga asubuhi hiyohiyo. Moyo unadunda, viganja vimelowa jasho. Mwaka jana ilikuwa hivihivi, nikafeli. Baba yangu ni kinyozi, na kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake mwaka jana kilisikia kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari. Wateja wakaanza kuniita Daktari. Matokeo yakatoka. Mpaka leo wananiita Daktari! Hawana ubaya, wamezoea tu. Mimi ndiye ninayetamani ardhi ipasuke.

Mchana nikamwambia Mama kwamba nina msongo wa mawazo. Kweli ninao, ila sikujua neno lenyewe lina nguvu kiasi hicho. Mama akanigusa paji la uso, akasema niache kila kitu nikajilaze. Vyombo je? Ataosha Sisimizi. Nguo? Sisimizi. Makoti ya saluni yanayosubiri pasi? Sisimizi. Huyu ni mdogo wangu wa kike, tunamwita hivyo kwa sababu hatulii mahali. Naye anafanya mtihani huohuo, maana nilipofeli mimi yeye akanifikia. Hilo nalo ni aibu. Lakini mtu mwenye msongo habebeshwi aibu zote kwa mpigo.

Jumanne, 7 Mei

Baba ametangaza kimya saluni. Chumba changu kiko nyuma yake, kimetengwa kwa mbao nyembamba tu, hata mkasi ukianguka nausikia. Redio imezimwa. Wateja wanaombwa kunong'ona. Kinyozi bila porojo! Mzee mmoja mstaafu, anayekuja zaidi kwa umbea kuliko kwa nywele, amenyolewa akiwa amekaza midomo kama yuko kwa daktari wa meno. Wawili wamevuka barabara kwenda kwa kinyozi mwingine. Baba akasema waende, elimu haina mbadala.

Nikakaa mezani, kitabu mbele yangu, kimya kikanielemea kope. Nikalala. Nikakoroma! Nimezinduka nikamsikia mteja akinong'ona kuuliza ule mngurumo ni wa nini. Baba akajibu kwamba jirani ana mashine ya kusaga. Hatuna jirani mwenye mashine ya kusaga. Baba yangu, mtu asiyesema uongo hata kwa mwenye kipara, amedanganya kwa ajili yangu. Nimejifunika shuka mpaka kichwani. Aibu tupu. Halafu nikalala tena.

Alhamisi, 9 Mei

Mama amemwita shangazi yangu, dada yake Baba, ambaye ni muuguzi. Nilitegemea huruma. Akanipima mapigo ya moyo, akanitazama ulimi, akasema msongo si mchezo, unatibika. Nikafurahi. Kisha akataja dawa. Nikimbie kabla jua halijachomoza. Simu nimkabidhi Mama. Nikiona hofu inapanda, nivute pumzi taratibu na kuitoa taratibu. Nifanye kazi ndogondogo za mikono, kwa sababu mikono ikishughulika kichwa hupoa. Na nimweleze mtu ninachokiogopa, nisikae nacho moyoni.

Nikamwambia nitaanza na ya pumzi, hiyo haichoshi.

Shangazi akasema wa kumweleza yuko humuhumu ndani, mdogo wangu, kwani safari yetu ni moja. Sisimizi akatabasamu. Mimi nimweleze yeye kwamba naogopa? Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu? Thubutu!

Ijumaa, 10 Mei

Ugunduzi mkubwa! Nilikuwa dirishani navuta pumzi, nikamwona Sisimizi uani anaosha vyombo. Kumbe hakuwa anaosha, alikuwa anasoma! Sufuria ndogo ni chumba cha kulia cha moyo, sufuria kubwa ni cha kushoto. Bakuli la bluu ni mapafu. Anachota maji kwa kikombe, hiyo ndiyo damu. Inaingia hapa, inatoka, inakwenda mapafuni kuchukua hewa, inarudi, inasukumwa mwilini. Na huku sahani zinatakata. Damu yote ya binadamu imezunguka kwenye beseni letu wakati mimi nimejilaza!

Ndipo nikaelewa. Kazi zangu zote nilizomtupia ndizo zinazompa akili. Nimeula wa chuya. Kwa mikono yangu mwenyewe nimemnoa mpinzani wangu.

Nikaingia jikoni, nikatangaza kwamba kuanzia kesho vyombo, nguo na pasi ni juu yangu. Sisimizi akae mezani asome kwa raha. Mama akafuta machozi kwa upande wa kanga. Baba akanishika bega. Halafu akatoka kuwahadithia wateja, na kwa hadithi hiyo akasahau kunong'ona. Kupitia mbao nikasikia mteja akisema huyo ndiye kaka. Masikio yakaniwaka moto. Nilikuwa nimeiba, na wananishukuru.

Jumapili, 12 Mei

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo nimevunja mapafu. Nilikuwa napeleka damu kwa mbwembwe, kwa sababu Mama alikuwa akinitazama kwa upendo, bakuli la bluu likaniponyoka. Mama akasema si kitu, mwenye moyo mwema havunji, vinavunjika vyenyewe. Afadhali angenipiga.

Pasi nayo imeacha alama yake mgongoni mwa koti la Baba. Amelivaa hivyohivyo kazini. Anawaonyesha wateja.

Jumatano, 15 Mei

Jambo baya. Sisimizi amekaa mezani tangu niliponyakua vyombo, na hasomi. Anafungua kitabu, anakifunga. Anakula kucha. Leo asubuhi nilimkuta amekaa sakafuni nyuma ya mlango, anatweta kama aliyekimbizwa, machozi yanamtoka bila sauti. Akaniambia anaogopa. Kwamba tangu mwanzo alikuwa akiogopa, kila siku, ila akiwa na beseni mbele yake hofu ilikuwa inakaa mbali. Sasa haina pa kukaa, imekuja kukaa kifuani.

Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau.

“Kaka, najua umefanya kwa wema. Lakini naomba unirudishie vyombo vyangu.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikajibu kwa sauti ya mtu mwema kwamba sawa, kama itamsaidia nitajinyima. Nitajinyima! Nimetoka nje nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kujichukia mpaka chakula cha mchana. Nikala kidogo. Mama akadhani nina huruma nyingi, akaniongezea.

Jumamosi, 18 Mei

Mtihani.

Asubuhi nimeamka mapema kwa hofu. Nikakumbuka dawa ya Shangazi, nikaosha kila chombo kilichokuwa ndani. Nikapoa vizuri sana! Ndipo Sisimizi akatoka na sare yake kutafuta chochote cha kuosha kabla ya safari. Hakukuta hata kijiko. Akanitazama. Sikuwa nimekusudia, naapa. Nilikuwa nimejifikiria mwenyewe tu, kama kawaida yangu.

Kwenye geti la chuo miguu yake ikagoma. Watahiniwa wakapita. Msimamizi, mama mwenye miwani shingoni, akasema mlango unafungwa sasa hivi, anayeingia aingie. Sisimizi alikuwa ameshika nondo za geti, anatikisa kichwa. Nikamwona kwa mawazo amebaki hapo, anarudi nyumbani, wateja wanaanza kumwita na yeye Daktari. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema yote. Kwamba sikumwonea huruma hata kidogo. Kwamba nilimchungulia dirishani nikataka kumpokonya akili. Kwamba nilipovunja bakuli nilisikitika kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye mapafu. Kwamba ile mashine ya jirani ya kusaga ni mimi.

Akanitazama, kinywa wazi. Nikasubiri kofi. Badala yake akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaachia geti, akajishika mbavu, msimamizi akamuuliza kama ni mzima. Alipomaliza, pumzi yake ilikuwa imetulia. Akajifuta uso, akaniambia mimi ni mtu wa hovyo sana, akaingia ndani akitembea vizuri.

Mimi nikamfuata. Swali la kwanza lilikuwa la mzunguko wa damu. Damu niliisukuma vizuri. Ikafika mapafuni, ikakwama.

Alhamisi, 20 Juni

Matokeo yamebandikwa. Jina la Sisimizi lipo, karibu na juu. Langu nimelitafuta kuanzia juu, nikalitafuta kuanzia chini, nikamwomba mpita njia mwenye macho mazuri anisaidie. Halipo.

Nyumbani hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema! Sisimizi ameniambia pole, na kwamba kabla hajaondoka kesho kutwa yuko tayari kukaa na mimi jioni hizi mbili tupitie moyo wote, chumba kwa chumba. Nikamwambia tutaona.

Jioni nikiwa chumbani nikamsikia mzee mstaafu, amerudi saluni, anauliza habari za watoto. Baba akasema kwa sauti kubwa kwamba binti amepita. Mzee akapongeza. Akauliza, na Daktari je? Mashine ya kunyolea ikanguruma muda mrefu. Kisha nikamsikia Baba, taratibu, akisema yule ndiye aliyemfikisha mwenzake getini, binti mwenyewe amewaambia. Na kwamba mtu hujivunia anachokipata.

Nimelia. Sijawahi kulia hivyo. Nimekula kiapo, mdomo ukiwa kwenye mto: mwaka huu nitasoma kama binadamu, sitamtegea mtu kazi, naanza leo, sasa hivi! Nimeamka, nimewasha taa, nimefungua kitabu. Moyo haukudunda. Nikaona hiyo ni dalili njema, ila mambo makubwa hayaanzwi kiholela. Kwanza ratiba. Ratiba nzuri, yenye rangi, ya mwaka mzima, ya kubandika ukutani. Na ratiba haichorwi bila rula.

Nimemwita Sisimizi aache kufunga begi lake, akanitafutie.