Mikono Miwili Kidevuni

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua pengo katika elimu ya binadamu. Makala ya "Tafakuri" kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuihariri, haina picha. Hata moja! "Kabichi" ina kumi na nne.
Mimi ninayo. Niko dirishani, viganja viwili vimeshika kidevu, macho yanatazama mbali. Kila anayeiona hunyamaza. Nimeipandisha. Fomu ikauliza ni kazi ya nani. Nikaweka alama: kazi yangu mwenyewe. Uso wangu, mawazo yangu, hata dirisha ni la chumba changu. Swali la ajabu.

Jumanne, 4 Machi
Imeondolewa! Mhariri wa kujitolea anayejiita Mzee wa Kanuni ameandika: "Dada, mikono yako yote miwili iko kidevuni. Kamera alishika nani?"
Nikamjibu kwa aya sita kuhusu nafsi na mwenye nafsi. Akasema amezisoma zote, ahsante, lakini haki miliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga. Aliyeipiga ni Kitinda, mdogo wangu, mwanafunzi wa ushonaji. Alibonyeza mara moja tu, huku akipiga miayo.

Jumatano, 5 Machi
Nitajipiga mwenyewe. Simu juu ya kabati, imeegemezwa kwenye kamusi, kipima muda sekunde kumi. Tafakuri haiji kwa sekunde kumi. Jaribio la kwanza: kisogo. La tatu: pua. La tisa, simu iliteleza ikatua ndani ya ndoo ya maji ya kudekia. Sasa imezikwa kwenye mchele. Mama ameuliza kwa upole kama mchana tutakula mchele au simu.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe mpiga picha anaweza kutuma barua pepe ya idhini. Nimeiandika mimi kwa niaba ya Kitinda, kumpunguzia kazi, kwenye kompyuta ya sebuleni. Kabla ya saa sita jibu likaja. Mzee wa Kanuni anashangaa mbona barua ya mdogo wangu imetoka kwenye anwani yangu, tena ina aya sita.
Mama, aliyekuwa anasoma juu ya bega langu, akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamweleza kwamba huu si uongo bali ni uwakilishi. Akaenda kuchambua mboga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwendea Kitinda atume idhini mwenyewe. Hakuinua hata macho kwenye cherehani.
"Da' mkubwa, mkono mtupu haulambwi."
Anataka blauzi yangu ya kijani. Na jina lake chini ya picha! Nikamwambia jina ni ubatili mtupu. Akauliza, kama ni ubatili, kinachoniuma nini likiwa lake?
Nimetoa blauzi. Kabla ya kutuma akanisomea masharti: leseni huria, yaani yeyote anaweza kuichukua picha, kuikata, kuihamisha, hata kuifanyia biashara, mradi amtaje mpiga picha. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia atume, asinichoshe na maandishi madogo.

Jumamosi, 8 Machi
Imekubaliwa! Iko juu kabisa ya "Tafakuri". Nimeitazama mara arobaini. Chini imeandikwa: Picha na Kitinda. Hapo nafunika kwa kidole gumba.

Jumatatu, 10 Machi
Haipo! Nimeitafuta kama sindano iliyopotea. Mhariri mmoja ameihamishia kwenye makala ya "Maumivu ya Jino". Sababu: inafaa zaidi huko. Wahariri kumi na mmoja wameafiki, na mmoja wao ni Kitinda, aliyefungua akaunti jana kwa kazi hiyo tu.
Nikamlalamikia Mzee wa Kanuni. Akajibu kwamba leseni inaruhusu, na kwamba ananiombea nafuu ya jino.

Jumatano, 12 Machi
Daktari wa meno wa mtaa wa pili ametundika bango jipya. Uso wangu, mita mbili kwa tatu! Pembeni: Picha na Kitinda. Nikaingia kudai maelezo, mikono kidevuni kwa uchungu. Mpokea wageni akanitazama, akanipa pole nyingi, akanipitisha mbele ya foleni. Nimetoka nikiwa nimesafishwa meno.
Nje nikamkuta Kitinda, amevaa blauzi ya kijani, anajipiga picha na bango.

Alhamisi, 13 Machi
Nimelipima jambo hili kwa kina. Kosa si langu. "Tafakuri" ni mada nzito mno kwa umma.
Lakini leo nimegundua kwamba "Unyenyekevu" nayo haina picha. Nani mwingine anayefaa? Nitainamisha kichwa, viganja kifuani, vyote viwili. Simu imekauka. Mama amekubali kuishika na kubonyeza.
Fomu nimeshaijaza ili nisipoteze muda. Kazi yangu mwenyewe.