Friji ya Pili Haizimwi

Jumapili, 2 Februari

Vita vimetangazwa. Tena vimetangazwa mezani, mbele ya mtoto.

Mke wangu Mkamburi ametamka, huku akinipakulia wali, kwamba friji ya sebuleni izimwe hadi Desemba. Friji ya sebuleni! Ile kubwa aliyotuachia ndugu yangu Sylus alipohamia Mombasa. Krismasi, wageni walipojaa hapa, iliitwa baraka. Leo inaitwa mlafi wa stima. Anasema ile ndogo ya jikoni inatutosha watu watatu. Tena anaitaka kona yake na soketi yake. Ameombwa kushona majoho ya kwaya ya Pasaka, na cherehani yake mpya ya stima haina pa kukaa.

Nikamwambia Voi si Wundanyi kwenye baridi ya milimani. Huku jua linachoma hata kivulini. Friji ya pili ni lazima, mwaka mzima.

Akauliza ndani kuna nini. Binti yetu Moureen akakimbia kufungua. Chupa moja ya maji. Nusu ndimu. Na kofia yangu.

Kofia iliyolala kwenye friji ni raha ya ajabu kichwani. Sikupewa nafasi ya kueleza.

Nimepewa hadi Jumamosi kuonyesha kwamba friji ina kazi. Niko likizo. Nina akili. Maskini Mkamburi.

Jumatatu, 3 Februari

Mpango: friji ya majirani! Nimepita mlango kwa mlango, ploti nzima, nikitangaza nafasi ya bure. Nani atazima friji yenye vyakula vya watu? Kufikia jioni imejaa pomoni. Unga wa mandazi wa Mama Rita, umeshakandwa. Sufuria ya matumbo. Samaki wa mtu nisiyemjua jina.

Kituku wa duka la ng'ambo ya barabara hakuleta kitu. Yeye ana friji ya mlango wa kioo, yenye taa ndani. Akaniuliza mbele ya wateja kama ile yangu ni friji au ni kabati. Nilimpuuza kwa heshima zote.

Jumanne, 4 Februari

Mpango umekufa.

Watu wameanza kubisha kabla sijapiga mswaki. Mlango wa friji ulikuwa haujafungika vizuri kwa wingi wa vitu, basi unga wa Mama Rita ukaumuka, ukapanda, ukakalia matumbo. Mama Rita analia unga. Mwenye matumbo analia matumbo. Mkamburi ametoka chumbani na kanga yake, akamkuta mwanaume mgeni ameketi kwenye sofa, anangoja samaki wake ayeyuke.

Aliniangalia tu. Nikaenda kuoga mara ya pili.

Jumatano, 5 Februari

Taveta! Siku ya soko!

Mbona sikuliwaza hili mapema? Ndizi mbivu huko zinauzwa kama takataka, kwa kuwa zitaoza kesho. Zangu hazitaoza. Nitazilaza kwenye baridi hadi Ijumaa, zilizo mitaani zikiisha niuze peke yangu. Kituku atapanga foleni.

Mama aliyeniuzia alikuwa mkweli. Alinionya kwamba hizo ni za kuliwa leo, zikichelewa sana kesho. Nikatabasamu. Nikamwambia mimi nina friji mbili. Akanitazama kwa huruma, nadhani ni wivu.

Nimerudi na mikungu mitatu. Pesa nilizotumia sitaziandika hapa. Nimetoa rafu zote, nimezipanga ndizi, nimefunga mlango kwa kamba. Nimelala kama tajiri.

Alhamisi, 6 Februari

Msiba.

Nimefungua friji asubuhi. Nyeusi! Zote! Nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikadhani baridi haitoshi, nikazungusha kile kidude hadi mwisho. Mchana zimezidi kuwa nyeusi.

Kituku alinusa habari akiwa ng'ambo ya barabara. Akaja, akachungulia, akauliza kama nimeziokoa kwenye nyumba iliyoungua. Wateja wake walicheka hadi mmoja akapaliwa na soda.

Jioni Mkamburi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliketi kwenye sofa na kitambaa cha majoho, anashona kwa mkono, kwa sababu soketi ilikuwa na kazi ya kupoza mzoga. Amejidunga vidole, viwili vimefungwa plasta. Nikahisi kitu kifuani. Nilidhani ni njaa. Haikuwa njaa.

Nikamwambia, "Mama Moureen, kesho naing'oa mwenyewe. Kona ni yako."

Akaweka sindano chini.

"Hebu lete moja," akasema.

Nikaleta. Akaimenya. Ndani nyeupe, tamu, haina hata doa! Akala. Akampa Moureen, naye akala. Mimi sikupewa.

"Zimeharibika ganda tu," Mkamburi akasema. "Moureen, vile vijiti vya mishikaki viko wapi?"

Ijumaa, 7 Februari

Sina nguvu za kuandika. Nimemenya ndizi tangu alfajiri.

Mkamburi anachomeka kijiti, anapaka karanga za kusaga, anapanga kwenye freeza ya friji kubwa. Mimi ni maganda tu. Nilitoa ushauri kidogo kuhusu karanga. Nikaambiwa nirudi kwenye maganda. Mbuzi wa Mama Rita wameshiba, na Mama Rita mwenyewe amenisamehe unga.

Moureen alikuwa ameeneza habari shuleni. Walipotoka saa ya jua kali, walitujia mbio, na sare zao, kelele zao na sarafu zao. Ndizi baridi, ngumu kama barafu, tamu kama nini! Walimu nao wakaja, wakijifanya wanawatafuta wanafunzi. Jua halijazama, freeza iko tupu.

Wa mwisho kuvuka barabara alikuwa Kituku. Mikono nyuma. Akasema mtoto wake ameiomba moja. Akailia pale pale mlangoni. Kisha akasema mtoto anaomba ya pili.

Watoto wa Kituku wote wanaishi Machakos.

Jumamosi, 8 Februari

Hukumu imetolewa. Friji itaendelea kuwaka joto likiwepo. Baridi ikiingia itapumzika, na Mkamburi ndiye atakayeamua lini. Itakaa varandani, karibu na wateja. Fundi Mutuku wa stima ameshaweka soketi huko. Kona ya sebuleni ni ya cherehani.

Nimeibeba na Kituku. Alishika upande mzito bila kuombwa, na akakiri, akihema, kwamba hii ni friji kweli.

Mchana kutwa cherehani imelia. Joho la kwanza limekamilika, zambarau, na kola nyeupe. Mkamburi akaniita nilivae. Mikono ilinifika magotini. Akacheka hadi akashika ukuta, na mimi nikazunguka sebule nzima nikiimba besi, ili asiache kucheka. Sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. Nyumba hii leo ilikuwa inapendeza, tuseme ukweli.

Jumapili, 9 Februari

Funzo la wiki liko wazi: nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nani alileta ndizi? Mimi. Nani alizifanya nyeusi? Mimi. Bila hayo kusingekuwa na biashara.

Leo baada ya ibada nimesikia habari njema. Kuna hoteli karibu na stendi inafungwa, wanauza freeza ya kulala, ile inayofunguliwa kwa juu. Kubwa! Inameza ng'ombe mzima, pembe nje kidogo. Mkamburi yuko kwenye mazoezi ya kwaya, kwa hiyo nimepima chumba chetu cha kulala kwa utulivu. Inaingia. Inaingia vizuri kabisa, kabati la nguo likitoka, kitanda kikiegemea dirisha, na mlango ukikubali kufunguka nusu.

Mtu mwembamba anapita. Mkamburi ni mwembamba.

Freeza inafika kesho asubuhi. Bado sijamwambia. Nataka aione kwanza ikiwa inanguruma kando ya mto wake, ndipo aelewe.