Mafuta Yasiyovunda

Wenzangu wa Kaliua, nimeadhirika leo. Nawaandikia upesi ili mlisikie kwangu kabla halijapanda treni.

Mnajua kazi yangu ni kusuka maharusi hapa Tabora. Mnaujua na mdomo wangu. Tangu makopo ya mafuta meupe ya nywele yaingie madukani, sijanyamaza. "Mafuta gani yanakaa mwaka mzima hayavundi? Hata nzi hayagusi, nawe unapaka utosini! Hamumwoni yule Mzungu, mke wa Bwana Shauri, nywele zilivyogeuka rangi ya nyasi kavu? Ndiyo hayo!"

Jirani yangu Mama Yohana, muuguzi wa zahanati, alijaribu kunieleza. "Wametia dawa kidogo tu, Tatu, yasivunde. Yakikuwasha, acha. Yasipokuwasha, paka kwa kiasi." Nikamjibu mbele ya watu bombani kwamba aliyezoea sindano hawezi kujua mafuta. (Alijitwisha ndoo yake akaenda zake.)

Basi Zuhura, binti wa Bi Mwanaidi, akachumbiwa. Mama mtu alinisikiliza mimi, akatupa kopo lake, akanikabidhi kichwa cha mwanawe. Nikapika samli kama alivyopika marehemu bibi yangu. Ila mafuta ya bibi yalikuwa ya manjano, na ya dukani ni meupe. Wivu ukanishika. Nikatia maziwa mabichi na asali, nikakoroga mpaka yakawa meupe kuliko ya kopo! (Ujuzi huo.) Nikafunga chungu kwa kitambaa, nikakiweka uvunguni siku tisa. Mafuta ya bibi harusi hayafunuliwi kabla ya siku yake, yasije yakaingiwa na jicho.

Leo asubuhi nikaenda nacho kwa Bi Mwanaidi. Nina mafua siku ya nne, pua imeziba kabisa. Chumba kimejaa wanawake wanaimba. Nikafungua chungu kwa mbwembwe, macho kwa watu, nikachota kiganja kizima, nikampaka Zuhura utosini hadi kisogoni.

Nyimbo zikapungua. Shangazi mmoja akatoka. Akafuata wa pili. Mwingine akafungua dirisha. Nikadhani wananipisha nifanye kazi kwa nafasi. Nikaongeza kiganja cha pili!

Bibi yake Zuhura, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akauliza kutoka pembeni: "Jamani, panya kafia wapi humu?"

"Si panya, bibi," Zuhura akasema, machozi yanamtoka. "Ni mimi."

Hapo ndipo nilipotazama ndani ya chungu. Ukungu wa kijani, wenye manyoya! Bi Mwanaidi akashika kiuno. Bwana harusi na watu wake wanakuja baada ya adhuhuri, na kichwa cha mtoto wa watu kinanuka mzoga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliyeingia ni Mama Yohana. Kaitwa mbio, sabuni na ndimu mkononi. "Maji ya moto," akasema. "Na watu wapungue." Tukaosha mara tatu. Akaikagua ngozi ya kichwa, nzima. Akatoa kopo lake, akampaka Zuhura tone moja nyuma ya sikio, akangoja aone kama litawasha. Halikuwasha. Kisha akanipa kopo. Mimi!

"Suka, Tatu. Mkono wako ndio walioutaka."

Nikasuka. Nje nikamsikia akimwambia Bi Mwanaidi: "Mwenzetu ana mafua, hakunusa. Na samli peke yake hukaa, maziwa ndiyo yaliyoiharibu. Hata mimi yangenipata." Bwana harusi alipofika, Zuhura alitoka kapendeza, na vigelegele vikapigwa. Nilipiga kwa sauti kuliko mama yake.

Wakati wa kurudi nikaanza: "Mama Yohana, yale ya bombani..."

"Yapi?" akasema.

Nimelia, wenzangu, kwa shukrani zaidi kuliko aibu (aibu nayo ipo, msijali). Mdomo uliponza kichwa, tena kichwa chenyewe si changu. Chungu nimemwaga nyuma ya choo. Mbuzi alikuja, akanusa, akahama upande huo wa uwanja.

Kopo ameniachia, liko hapa mezani. Maandishi yake ni ya Kiingereza, siwezi kuyasoma, na kilichomo bado sikijui. Aliyenipa ndiye ninayemjua.