Picha ya Balozi kwa Bi Kuluthum

Jumanne, 10 Juni 2025. Utange.
Morgan wa Likoni, mwenzangu wa kukusanya sahihi, amepata ya tatu. Tatu! Za mabalozi weusi wa mwanzo wa Marekani, waliotumwa Afrika wakati kwao bado walikatazwa kukaa meza moja na wazungu. Mimi ninayo moja, tena ya karani wa ubalozi. Morgan amenipigia simu kunijulia hali. Hali yangu anaijua vizuri.

Jumatano, 11 Juni.
Nimegundua! Jirani yangu Bi Kuluthum anayo. Marehemu mumewe, Mzee Obeid, alimpikia Balozi Whitcombe, mmoja wao. Ni picha ya kamera ile inayotoa picha papo hapo: balozi na mpishi wameshika sinia moja la biriani, sahihi pembeni. Nimemwamkia, nimeisifu, nimeomba aniuzie. Amesema wallahi hauzi, hata nimletee balozi mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni.
Mpango. Nimemwambia picha inaliwa na chumvi ya bahari, nikaitie plastiki kwa Cindy wa saiba, duka la kompyuta, idumu. Amenipa kwa mikono miwili, imefungwa kwenye leso. Akanishukuru. Sikupenda alivyonishukuru.

Nakala atakayoitoa Cindy itarudi kwake, halisi ibaki kwangu. Nikataka zote mbili zitiwe plastiki, zisitofautiane. Cindy akauliza mara mbili kama nina hakika, mashine ina moto. Nikamjibu vyeti vyangu vyote tangu darasa la nane vimepita humo.

Nakala imetoka inang'aa. Halisi imetoka na malengelenge, nyeusi kama chapati iliyosahauliwa. Sahihi hakuna. Balozi hakuna. Limesalia sinia.

Ijumaa, 13 Juni.
Nimempelekea nakala baada ya swala. Akafurahi. Kisha akaigeuza. Nyuma nyeupe.

Sikuwahi kuitazama nyuma! Hapo Mzee Obeid alimwandikia maneno, wiki aliyomposa. Bi Kuluthum hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Changawa mwanangu, maneno yangu yako wapi?" Kisha akaniambia chai inapoa. Nimeinywa yote.

Jumapili, 15 Juni.
Nimempelekea ile iliyoungua. Nyuma limesalia neno moja, "Kulu". Ameipokea kwa mikono miwili ileile. Nakala amenirudishia, haitaki. Moyo umeniuma mchana kutwa.

Alasiri nimesikia kwamba Gershom, dereva mstaafu wa Changamwe, ana barua yenye sahihi ya balozi mwingine. Hiyo ni karatasi ya kawaida, moto hautaidhuru. Nimemwambia Cindy kesho aiwashe mashine mapema.